Fremu ya shokapu mbili inapolia, inapocheza na inapopasuka

Fremu ya Phoenix ikipasuka unaipeleka kwa mchomeleaji jioni, asubuhi umeshabeba mkaa. Baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma haiendi hivyo. Fremu yake ni vipande viwili au zaidi vilivyoungwa kwa bawaba, shokapu ikiwa katikati, na kipande kimoja kikikosea kingine ndicho kinacholipa. Fremu nyingi za aina hii zinazofika kwa fundi zikiwa na ufa ziliponzwa na bolti iliyolegea bila mtu kujali, beringi iliyojaa kutu, au shokapu isiyo na upepo wa kutosha. Kwa hiyo tuanze na dalili ndogo, zile za gharama nafuu, ndipo tupande hadi ufa wenyewe. Suala la kununua nimeliweka mwisho makusudi: ukishajua fremu hizi zinavyokufa, kuchagua kunakuwa rahisi.

Inalia

Kelele ndiyo malalamiko ya kwanza, na mara nyingi mwenye baiskeli hushuku fremu wakati kosa liko kwenye kitu kidogo kilichokosa grisi. Usikimbilie kufungua bawaba. Panda mahali tambarare, kanyaga ukiwa umesimama kwenye pedeli. Kelele ikikata, ni siti au nguzo yake. Ichomoe, futa vumbi ndani na nje, paka grisi, rudisha. Kama nguzo au fremu ni ya kaboni usipake grisi. Kaboni ina pasta yake yenye chembechembe.

Kelele ikibaki, na inakuja kila mguu mmoja unaposhuka, fungua pedeli, safisha nyuzi, paka grisi, kaza. Ya kushoto hufunguka kinyume, na wapo mafundi wazoefu waliokwisha kuua nyuzi za krenki kwa kusahau hilo. Bado inalia? Kaza bolti za krenki. Ikilia baiskeli ikiwa imesimama, umebana breki ya mbele na unaisukuma mbele na nyuma, ni beringi za usukani. Ikilia unapokandamiza siti kwa mikono miwili bila kupanda, hapo sasa ni bawaba, au bushi za shokapu.

Kuna mmoja anayesahaulika sana: hanga, kile kipande kidogo kinachoshika gia ya nyuma. Vumbi likiingia kati yake na fremu hutoa mlio mkavu, kama chuma kinapasuka, na watu wamewahi kuuza baiskeli nzima kwa sababu ya mlio huo. Fungua bolti yake, futa pande zote mbili, paka grisi nyembamba, rudisha.

Ekseli ya krenki iliyoshindiliwa kwenye fremu bila nyuzi nayo ina kilio chake. Ukiitoa na kuisafisha itanyamaza kwa muda, kisha itaanza tena tundu la fremu likiwa limepanuka hata kidogo. Nitalirudia hili kwenye ununuzi.

Nyuma inacheza

Simama kando ya baiskeli, shika siti kwa vidole, inyanyue taratibu sana mpaka tairi la nyuma likaribie kuacha ardhi. Ukisikia "tk" ndogo kabla gurudumu halijanyanyuka, kuna kitu kimelegea. Sasa weka kidole kikigusa vipande vyote viwili vya kiungo, mara kwenye jicho la juu la shokapu (tundu lake la bolti), mara la chini, mara kwenye kila bawaba, huku mwenzako akinyanyua siti. Kidole kitakuambia kabla ya jicho.

Mchezo ukiwa kwenye jicho la shokapu, shukuru Mungu, ni bushi tu. Pima vitu viwili: unene wa bolti, ambao mara nyingi ni milimita 8, na upana wa nafasi kati ya masikio ya fremu. Bushi huuzwa kwa vipimo hivyo, na fundi wa leithi mwenye mkono mzuri anaweza kukuchongea za shaba au plastiki ngumu zikadumu.

Mchezo wa kushoto na kulia, ule unaousikia ukishika tairi na kulisukuma upande, una chanzo kimoja kati ya vitatu: ekseli ya gurudumu haijakazwa, beringi za habu zimekwisha, au bawaba kubwa iliyo juu ya krenki imelegea. Anza na ekseli. Ikiwa ni bawaba, usiikaze tu ukaondoka. Fungua bolti, ifute, angalia kama imechubuka upande mmoja. Bolti iliyolika upande mmoja ina maana tundu la fremu nalo limeanza kuwa yai, na tundu lililokuwa yai halirudi kuwa duara. Bolti ikiwa nzima, tia gundi ya nyuzi ya bluu (nyekundu utaijutia siku ya kufungua), kisha ikaze kwa kiwango kilichoandikwa kichwani mwake kwa Nm (nyutonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Spana ya torki ya gereji ya magari imetengenezewa nati za magurudumu, kwa hiyo tafuta ndogo. Mkono peke yake haufai: ukizidisha unavunja nyuzi za aluminiamu, ukipunguza unarudi pale pale.

Kwa beringi zenyewe, toa shokapu kabisa, kisha nyanyua pembetatu ya nyuma (kipande cha fremu kinachoshika gurudumu) na kuiachia. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake, laini, bila kukwama. Ikishuka kwa mikwaruzo au ikasimama katikati, beringi zimeoza. Hizi hazizunguki kama za gurudumu. Zinageuka digrii chache tu kwenda na kurudi, kwa hiyo gololi zile zile zinapiga sehemu ile ile mpaka zichimbe mashimo. Ndiyo sababu zipo beringi za bawaba zilizojazwa gololi bila kibakuli cha kuzitenganisha, nazo hubeba mzigo mkubwa zaidi. Ukizikosa, za kawaida zitasukuma siku. Soma namba ubavuni: 6902 ni milimita 15 ndani, 28 nje, 7 unene, 6900 ni 10 kwa 22 kwa 6, 608 ni 8 kwa 22 kwa 7. Namba hizi ni za dunia nzima, kwa hiyo maduka ya beringi ya Kirinyaga Road Nairobi au ya Gerezani Dar es Salaam ni mahali pa kuanzia, hata kama muuzaji hajawahi kuona baiskeli ya namna hii.

Kuzitoa, usitumie bisibisi na nyundo. Chukua bolti ndefu, washa nene mbili, na soketi iliyo pana kuliko beringi. Bolti inapita katikati, soketi inakaa upande ambao beringi itatokea, unakaza nati na beringi inaingia ndani ya soketi polepole. Kuingiza mpya ni kinyume chake, ila washa iguse duara la nje la beringi. Ukisukuma kwa duara la ndani umeiua kabla haijaanza kazi.

Na acheni kuosha baiskeli hizi kwa mashine ya presha ya kuoshea magari. Maji yale hupenya mpira wa beringi, hutoa grisi na kuacha tope. Ndoo, brashi na sabuni vinatosha. Mombasa, Tanga na Unguja kuna la ziada: chumvi ya hewa hufanya bolti ya chuma na fremu ya aluminiamu zishikane. Kila bolti ifunguliwe na kupakwa grisi mara kwa mara, nguzo ya siti pia, la sivyo siku moja utaikuta imekuwa sehemu ya fremu.

Shokapu inagonga mwisho

"Dap!" kila ukishuka kijiwe. Hii ndiyo inayovunja masikio ya shokapu kwenye fremu, na tiba yake ni upepo. Kwenye fimbo ya shokapu kuna kijimpira. Kisogeze mpaka kwenye mpira wa kuzuia vumbi, vaa kila unachovaa barabarani pamoja na begi la maji, kaa kwenye siti taratibu, shuka bila kurukaruka. Kijimpira kiwe kimesogea robo hadi asilimia 30 ya safari ya fimbo. Fimbo yenye safari ya milimita 50 ikae kati ya 12 na 15. Ikizidi hapo ongeza upepo, kwa pampu ya shokapu, si kwa kompresa ya sheli. Shokapu nyingi hutaka psi 150 hadi 250, na ujazo wake ni mdogo kiasi kwamba kule kuchomoa bomba la kompresa tu kunamwaga nusu ya ulichojaza.

Ukijaza leo na kesho imeshuka, mihuri imechoka. Kampuni ya RockShox kwa shokapu zake nyingi hutaja kila saa 50 za kuendesha kwa usafi wa sehemu ya upepo. Kazi hiyo hufanyika nyumbani ukiwa na mihuri sahihi na utulivu. Sehemu ya mafuta na gesi mwachie mwenye vifaa.

Ikigonga hata upepo ukiwa sawa, uliza kama shokapu ni ya fremu ile. Baiskeli nyingi za mtumba zimebadilishwa shokapu njiani. Chukua shokapu mbili za kipimo cha zamani, 200×51 na 200×57 (urefu kwa safari ya fimbo, kwa milimita). Urefu ni ule ule, zinaingia kwenye bolti zile zile, lakini fimbo ya pili inasafiri milimita 6 zaidi, na fremu inayozidisha mwendo wa fimbo mara 2.5 inalipeleka gurudumu milimita 15 mahali ambapo mtengenezaji hakuacha nafasi. Matokeo ni tairi kugonga bomba la siti, au kiungo kugonga fremu na kuacha kibonyeo. Kuligundua: mwaga upepo wote, kandamiza baiskeli hadi mwisho kabisa, kisha chungulia kila pembe. Kisiguse kitu.

Wanaofunga karia ya mizigo kwenye mikono ya juu ya nyuma ya fremu hizi wanatafuta ufa kwa makusudi. Mikono ile haikuhesabiwa kubeba dumu la maji.

Tairi linasugua upande mmoja

Kwanza rimu, kisha ekseli, kisha beringi. Vyote vikiwa sawa na tairi bado limeegemea upande, pembetatu ya nyuma imepinda. Aluminiamu iliyopinda hainyooshwi. Ukiirudisha inafanya ufa. Tafuta pembetatu nyingine.

Ufa: kwanza hakikisha ni ufa

Rangi hupasuka bila chuma kupasuka, hasa kwenye kingo za weldi. Njia ya zamani ya mafundi wa injini inafaa hapa kwenye fremu ya chuma au aluminiamu. Safisha sehemu kwa spiriti, ipake mafuta ya taa, subiri robo saa, ikaushe kabisa kwa kitambaa, kisha ipake unga wa chaki. Kama ni ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Kama ni rangi tu, chaki itabaki nyeupe. Mstari ukitokea, weka alama ya kalamu kwenye ncha zake zote mbili, uone ulikofikia na unakoelekea.

Mahali ufa ulipo panaeleza chanzo. Nyuma ya shingo, upande wa chini wa bomba la chini, ni mgongano wa uso kwa uso, kutua vibaya, au foki ndefu kupita kiasi: mtu ana fremu iliyohesabiwa foki ya safari ya milimita 130 akafunga ya 160, wenzo ukaongezeka shingoni. Hapo ukiona hata rangi iliyokunjamana, teremka na uisukume nyumbani. Shingo ikiachia ukiwa kwenye mteremko wa Ngong hakuna nafasi ya kujitetea.

Juu ya bomba la siti, karibu na kilipo kibano, ni nguzo iliyochomolewa mno. Mstari wa mwisho kwenye nguzo hautoshi peke yake. Ncha ya chini ya nguzo inapaswa kupita chini ya pale bomba la juu linapoungana na bomba la siti. Watu warefu walionunua fremu ndogo kwa sababu ya bei ndio wateja wakubwa wa ufa huu.

Kwenye mkono wa chini wa nyuma, karibu na bawaba kubwa, ni uchovu wa chuma pamoja na mchezo uliopuuzwa. Rudi kule kwenye bolti iliyolegea: kila kanyago lilipindisha mkono ule kidogo upande, maelfu kwa maelfu ya mara. Chuma cha kawaida, mzigo ukiwa chini ya kiwango fulani, kinaweza kuvumilia bila kuchoka. Aluminiamu haina kiwango hicho. Kila mkunjo unahesabiwa, hata ule mdogo.

Kuchomelea au kutupa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mashine ya kawaida ya fimbo iliyopo kila mtaa ni ya chuma, si ya aluminiamu. Aluminiamu nyembamba ya baiskeli inahitaji mashine ya kuchomelea ya TIG, yenye gesi ya argoni, na wanaoijua wapo, hasa wanaotengeneza rejeta na matangi. Lakini hata weldi nzuri haimalizi kazi. Fremu nyingi ni za aloi 6061 katika hali ya T6. Nguvu ya T6 inatokana na joto: baada ya weldi zote, kiwanda huipasha fremu nzima takriban nyuzi 530 za Selsiasi, huizamisha ghafla kwenye maji, kisha huioka kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 170 hivi. Mchomeleaji wako akigusa sehemu moja, ukanda wa pembeni mwa weldi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ile, na hakuna tanuri la kuirudisha. Ndiyo maana fremu iliyochomelewa hupasuka tena sentimita moja kando ya weldi mpya, na mchomeleaji anaapa kuwa weldi yake haijaguswa. Anasema kweli.

Aloi ya 7005 ina ahueni: hurejesha sehemu ya nguvu yake yenyewe ikikaa kwa majuma. Viungo vidogo vilivyochongwa kwa 7075 ndio kinyume, vikichomelewa kwa kawaida hupasuka vikipoa. Ila kiungo kikiwa ni bamba lililonyooka lenye matundu mawili au matatu, fundi wa leithi na mashine ya kuchongea anaweza kukutengenezea kipya kwa kipimo cha kile cha zamani. Hiyo ni kazi yenye maana.

Msimamo wangu: ufa wa shingo au wa bomba la chini, fremu imekwisha, chomoa vifaa. Ufa wa pembetatu ya nyuma, tafuta pembetatu nyingine kabla ya kufikiria weldi. Ufa mdogo juu ya bomba la siti unaweza kuchomelewa na mtu wa TIG, ukaweka nguzo ndefu inayopita chini sana, ukaendesha njia laini za msitu wa Karura ukijua unachoendesha. Kutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa kunauchelewesha tu. Pasta ya chuma ya kubandika haifanyi chochote isipokuwa kuuficha kwa mnunuzi, na huo ni wizi.

Chuma cha kromoli ni habari nyingine. Kinachomeleka kwa TIG au kwa gesi na shaba, na fundi mzuri wa mtaani anakiweza. Wapo wachache wanaotengeneza fremu za shokapu mbili kwa chuma, kama Starling na Cotic wa Uingereza, lakini kuzikuta huku ni bahati.

Kaboni: gongagonga kwa sarafu kuanzia sehemu nzima kuelekea unapotilia shaka. Sauti kali ikigeuka kuwa butu, tabaka zimeachana. Hurekebishwa na mwenye ujuzi wa kitambaa cha kaboni na epoksi, ila kwa aliye mbali na ujuzi huo mimi siishauri.

Kuhusu waranti, kampuni za Trek na Santa Cruz hutoa ya maisha kwenye fremu kwa mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa mtumba hayumo kwenye hiyo ya maisha. Kama ulinunua mpya, risiti na namba iliyo chini ya ekseli ya krenki vitunze kuliko baiskeli yenyewe, na usiruhusu weldi yoyote kabla hujajibiwa.

Sasa, ununue ipi

Kama bajeti ni ya ile "full" (ya shokapu mbili) inayoning'inia supamaketi, nunua ya shokapu ya mbele tu. Kwa bei ile shokapu ya nyuma ni springi isiyo na mafuta, bawaba ni bushi za plastiki, na uzito unakaribia wa pikipiki ya mtoto. Pesa ile ile kwenye fremu ngumu inapata breki na gia za maana.

Kama unayo zaidi, chagua aluminiamu yenye viungo vichache. Orange wa Uingereza kwa miaka mingi wametengeneza fremu za bawaba moja kubwa, beringi mbili tu za kubadilisha, na ndiyo aina ninayompa mtu anayeishi mbali na duka la vipuri. Miundo ya viungo vinne inapanda milima vizuri zaidi, lakini unaweza kukuta beringi nane au zaidi. Ekseli ya krenki iwe ya nyuzi. Hanga iwe ile ya pamoja ya kampuni ya vipuri ya SRAM, iliyotoka 2019 na inayoingia kwenye fremu za kampuni nyingi, ili gia ikigongwa kwenye buti la basi usisubiri kifurushi kutoka ng'ambo. Shokapu iwe ya kipimo kinachojulikana: tangu 2016 vipo vya metriki kama 210×55 au 230×65, na vya zamani kama 200×57 bado hupatikana. Kipimo kilichobuniwa na kampuni moja kwa modeli moja, kimbia.

Tafuta pia kibandiko chenye namba 1 hadi 5, cha matumizi yaliyokusudiwa. Namba 3 ni njia mbovu na miruko isiyozidi sentimita 61, namba 4 ni hadi 122, na 5 ni materemko ya kishujaa. Mwenye kilo 95 anayeshuka Lushoto kwa fremu ya namba 3 yenye milimita 100 za safari hajaibiwa fremu ikipasuka. Alinunua ya mashindano mepesi.

Kwenye mtumba nenda na tochi, alenki, chaki na kichupa cha mafuta ya taa. Angalia chini ya shingo kwanza, kisha juu ya bomba la siti, kisha mikono ya nyuma. Rangi mpya sehemu moja tu ya fremu ina inachokificha. Stika iliyobandikwa juu ya weldi, omba ibanduliwe. Halafu mwaga upepo wa shokapu ukandamize hadi mwisho, na muuzaji akikataa hilo lifanyike mbele yako, mrudishie baiskeli yake.